Mtambo wa intaneti usikae sebuleni, kazi iko uwani

Katika mitaa ya Ng'ambo, kuanzia Kikwajuni na Mwembetanga hadi Jang'ombe na Mikunguni, mtambo wa intaneti isiyotumia waya umeanza kuhesabiwa miongoni mwa vyombo vya nyumbani kama ilivyo redio na friji. Wapo wanaouita ruta na wapo wanaouita waifai. Jina lolote litakalotumika, mara nyingi mtambo huo hukutwa mahali pamoja: sebuleni, juu ya kabati la televisheni, karibu na dirisha la barabarani. Hapo ndipo fundi alipoingizia waya, na hapo ndipo wageni wanapokaribishwa.

Kwa hesabu za uchumi wa nyumba, hapo si mahali pake. Sehemu kubwa ya kazi inayoingiza fedha katika nyumba za Ng'ambo haifanyiki sebuleni bali uwani. Huko ndiko kuliko na matuta ya mchicha na bamia, magunia ya udongo yaliyopandwa pilipili na tungule, banda la kuku, jiko la vitumbua na visheti, na miche ya asumini na mrehani inayotengenezewa vikuba. Anayefanya kazi hizo, ambaye kwa kawaida ni mama wa nyumba na binti zake, ndiye pia anayepokea maagizo ya wateja kwa simu. Lakini akifika uwani, mawimbi ya ule mtambo unaolipiwa kila mwezi hayamfikii.

Matokeo yake ni kwamba nyumba moja inalipia intaneti mara mbili. Inalipa ada ya mwezi ya mtambo wa sebuleni, kisha inanunua vifurushi vya simu kwa ajili ya mtu aliyeko mita kumi na tano nyuma ya mtambo huohuo. Hasara hii haionekani kwa sababu hutoka kidogo kidogo, shilingi elfu moja leo na elfu moja kesho. Wafanyabiashara wa zamani walikuwa na msemo wao: mali bila daftari hupotea bila habari.

Chukua mfano wa nyumba yenye watu wawili wanaofanya kazi uwani. Kila mmoja akinunua kifurushi cha shilingi 1,000 kwa siku, na wakafanya kazi siku 26 kwa mwezi, nyumba hiyo itatumia shilingi 52,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 624,000 kwa mwaka. Ikiwa waya wa kuusogeza mtambo hadi mlango wa uwani utagharimu shilingi 15,000, fedha hizo zitakuwa zimerudi katika siku nane za kazi. Bei hizi ni za mfano tu, na kila nyumba itaweka zake. Hata hivyo, hesabu yenyewe haibadiliki: ada ya mtambo ni ileile utumike na watu wawili au wanane, wakati kifurushi cha simu hulipiwa upya kila kinapokwisha.

Kwa nini mawimbi hayafiki uwani? Jibu la kwanza ni umbali. Nguvu ya mawimbi hupungua haraka kuliko watu wanavyodhani. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopokelewa hubaki robo. Aliyeko mita 10 kutoka kwenye mtambo hupata robo ya kile anachopata aliyeko mita 5, na aliyeko mita 20 hupata sehemu moja tu ya kumi na sita. Hiyo ni katika mahali peupe, pasipo na kizuizi chochote.

Jibu la pili ni vizuizi vyenyewe. Ukuta mmoja wa matofali ya saruji unaweza kula nusu ya nguvu ya mawimbi au zaidi, na ukuta mnene wa mawe na chokaa hula zaidi ya huo, hasa ukiwa umelowa unyevu wakati wa masika. Bati, nondo, kioo cha kujitazamia, mlango wa chuma na tangi la maji ni vibaya zaidi, kwa kuwa chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka na maji huyanywa. Hata majani mabichi ya migomba na mipapai yana maji ya kutosha kuyapunguza. Friji iliyosimama kati ya mtambo na uwani ni ukuta wa chuma ambao hakuna aliyeukusudia.

Hapa ndipo nyumba ya Ng'ambo ilipo na bahati ambayo wenyewe hawaitumii. Katika Mji Mkongwe, upande wa pili wa kijito cha zamani kilichotoa jina la Ng'ambo, majumba ni ya ghorofa, yenye kuta nene za mawe na nafasi ndogo ya nje. Nyumba ya kawaida ya Ng'ambo imejengwa kwa mpango mwingine. Mbele ipo baraza, katikati ukumbi mwembamba unaokwenda moja kwa moja kutoka mlango wa barabarani hadi mlango wa nyuma, vyumba vimepangwa kulia na kushoto, na mwisho upo uwani wenye jiko, choo na pengine kisima. Ukumbi huo wa katikati ni njia ya watu na ya upepo, na unaweza kuwa njia ya mawimbi pia.

Mtambo ukitolewa katika kona ya sebule na kuwekwa mwisho wa ukumbi, ndani, karibu na mlango wa nyuma, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, uwani hupata mawimbi kupitia uwazi wa mlango na dirisha badala ya kupitia kuta mbili au tatu. Pili, vyumba vya pande zote mbili hubaki na ukuta mmoja mmoja kati yao na mtambo. Sebule nayo haikosi, kwa kuwa mawimbi hurudi mbele kwa kufuata ukumbi uleule. Anayetazama televisheni kwa intaneti sebuleni anaweza kuunganishwa kwa waya, maana televisheni haitembei. Anayehitaji mawimbi ya hewani ni yule anayetembea na simu mkononi kati ya banda la kuku na matuta ya mboga.

Kimo nacho kina maana. Mtambo uliowekwa sakafuni au nyuma ya kabati hupoteza nguvu kabla haujaanza kazi. Mahali pazuri ni ukutani, juu kidogo ya kimo cha mtu, lakini si chini kabisa ya bati ambako joto la mchana huweza kuuchosha na kuuharibu. Aidha, antena zake hazielekezwi kama kurunzi. Antena ya kijiti hutoa mawimbi kwa ubavuni, kuizunguka, na ncha yake ndiyo dhaifu zaidi. Anayeilaza ili ncha itazame bustani amefanya kinyume cha alichokusudia. Kwa nyumba ya chini, antena zisimamishwe wima. Kwa anayeishi juu na kulima chini, antena moja isimame na nyingine ilazwe, ubavu wake ukiwa upande wa bustani.

Hali hiyo ya kuishi juu na kulima chini inawahusu wakazi wa majengo marefu ya Michenzani, ambayo ni matunda ya mpango wa mji wa mwaka 1968 uliotayarishwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, enzi za Rais Abeid Amani Karume. Nyumba za namna hiyo hazina uwani wa asili, na zege la sakafu na kuta zake halipitishi mawimbi kwa urahisi. Mwenye magunia ya mboga chini ya jengo au vyungu kwenye roshani hana budi kuuweka mtambo karibu na dirisha linalotazama upande huo. Tena hapo pana tatizo la msongamano, kwa kuwa mitambo ya majirani wengi husikika mahali pamoja.

Msongamano huo una dawa ndogo. Mitambo hii hutumia masafa ya aina mbili zaidi, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Masafa ya 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi na kufika mbali, lakini ndiyo yenye msongamano mkubwa, na tanuri za maikrowevu huyavuruga. Masafa ya 5 yana kasi zaidi lakini huchoka mapema yakikutana na ukuta. Kwa kazi za uwani, ambazo ni ujumbe, picha za bidhaa na simu za wateja, masafa ya 2.4 ndiyo yanayofaa. Ndani ya masafa hayo, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Mwenye nyumba achague ile ambayo majirani wachache wanaitumia.

Lipo suala jingine ambalo wauzaji wa mitambo hawalielezi vya kutosha. Siku hizi nyumba nyingi hazipati intaneti kwa waya wa chini bali kwa mtambo wenye laini ya simu, unaopokea mawimbi kutoka kwenye mnara na kuyagawa ndani ya nyumba. Mtambo wa namna hiyo una kazi mbili zenye mahitaji tofauti. Ili kupokea vizuri unataka dirisha linalotazama mnara, na ili kugawa vizuri unataka kuwa karibu na watumiaji. Mnara ukiwa upande wa barabarani na kazi ikiwa uwani, mahitaji hayo mawili hugombana. Kuusogeza mtambo nyuma bila kupima kunaweza kumpa mtu mawimbi mazuri ya ndani yasiyo na kitu, kama bomba zuri lisilo na maji.

Katika hali kama hiyo, mtambo mkuu ubaki pale unaposikia mnara vizuri, kisha upitishwe waya wa mtandao kando ya ukumbi hadi mlango wa nyuma, na hapo kifungwe kifaa kidogo cha pili cha kugawa mawimbi. Waya wa aina hiyo huweza kwenda hadi mita 100, urefu unaozidi wa nyumba yoyote ya Ng'ambo. Wapo wanaopendelea vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyopokea mawimbi na kuyarusha tena bila waya. Vinasaidia, lakini vingi vya bei nafuu hupunguza kasi kwa kiasi cha nusu, kwa sababu chombo kimoja hupokea na kurusha kwa zamu. Vikiwekwa mahali ambako mawimbi tayari ni dhaifu, hurusha udhaifu uleule. Kwa anayefikiria matumizi ya miaka, fedha za waya ni bora kuliko fedha za kifaa hicho.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kununua mtambo mkubwa zaidi wenye antena nyingi. Wasichokitazama ni kwamba mawasiliano haya ni ya pande mbili. Mtambo unaweza kupiga kelele hadi mwisho wa uwani, lakini simu iliyo mkononi ina antena ndogo na nguvu ndogo, na sauti yake lazima irudi hadi kwenye mtambo. Ndiyo maana wakati mwingine simu huonyesha mawimbi, lakini ujumbe hauendi. Kusogeza mtambo karibu husaidia pande zote mbili, wakati mtambo mkubwa husaidia zaidi upande mmoja.

Hoja nyingine ni ya usalama. Inasemwa kwamba mawimbi yakifika uwani, majirani watayatumia. Ukweli ni kwamba mtambo uliopo dirishani mwa barabara tayari unayamwaga nje, hadi barazani na kwa wapita njia. Kuuweka nyuma hakuongezi hatari hiyo, bali hubadilisha upande. Kinga yake ni neno la siri lisilo jina la mtoto wala namba ya simu, na mitambo mingi ina nafasi ya kuweka mtandao wa pili kwa wageni. Nyumba ikiamua kumsaidia jirani, iwe ni kwa hiari na pengine kwa kuchangia ada, si kwa kutojua.

Hoja ya umeme ina uzito zaidi. Unguja haijasahau Mei 2008, waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ulipoharibika na kisiwa kukaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, wala miezi mitatu ya giza kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, lakini kukatika kwa muda mfupi kungali kukisumbua wafanyabiashara wadogo. Bahati nzuri mtambo wa intaneti si mlaji mkubwa. Wenye wati 10, ukiwaka mchana kutwa na usiku kucha, hutumia uniti 7.2 kwa mwezi wa siku 30 kwenye mita ya TUKUZA. Betri ndogo ya akiba huweza kuuendesha kwa saa kadhaa, mradi chanzo cha mawimbi chenyewe kiwe bado kinafanya kazi.

Upande wa nje wa mlango kuna adui wa tatu, nao ni hewa ya chumvi na mvua. Mtambo uliotengenezwa kwa matumizi ya ndani usitundikwe nje, hata chini ya upenu. Ukae ndani, karibu na mlango au dirisha la mbao. Anayetaka kuweka nje kwa sababu bustani yake ni kubwa anunue kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya nje, na asikifungie katika sanduku la chuma kwa kuogopa wezi, maana sanduku hilo litayafungia na mawimbi.

Yote haya hayahitaji mtaalamu wa kupanda darini na vyombo vya kupimia. Yanahitaji simu, daftari na siku moja. Mwenye nyumba apime kasi ya intaneti katika sehemu tatu, yaani sebuleni, jikoni na mwisho wa bustani, kwa saa ileile, na aandike. Kisha ausogeze mtambo mahali pa pili kwa kutumia waya wa muda, apime tena na aandike. Baada ya sehemu tatu au nne, daftari litaonyesha pa kupigia msumari. Wengi hupiga msumari kwanza na kulalamika baadaye.

Kilicho nyuma ya suala hili ni kikubwa kuliko msumari. Mtambo uliowekwa sebuleni unasema jambo kuhusu nani anahesabiwa kuwa mtumiaji. Umechukuliwa kuwa chombo cha burudani na cha wageni, wakati uwani panachukuliwa kuwa mahali pa jiko tu, pasipo na biashara. Lakini mfugaji wa kuku wa uwani ndiye anayehitaji kukumbushwa tarehe ya chanjo ya kideri, ambayo ile ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Yeye ndiye anayehitaji kumpigia daktari wa mifugo picha ya kuku aliyezubaa kabla banda zima halijaambukizwa. Muuza mboga ndiye anayehitaji kujua bei ya asubuhi katika soko la Mwanakwerekwe kabla hajavuna, kwa sababu mchicha ukishakatwa haurudi shambani kusubiri bei nzuri. Kwake yeye, dakika kumi za kukosa mawasiliano zina bei.

Kwa hiyo wajibu haupo kwa wenye nyumba peke yao. Kampuni zinazofunga mitambo majumbani ziache utaratibu wa fundi kumaliza kazi pale waya unapoingilia. Fundi aulize kwanza swali moja, nani anafanya kazi wapi katika nyumba hii, na aulize akiwa na mama wa nyumba, si na yule tu aliyelipa. Waya wa kufika mlango wa nyuma uwemo katika gharama ya kufungiwa, au angalau mteja apewe nafasi ya kuuchagua na kuulipia siku hiyohiyo. Kwa kampuni, hiyo ni mita chache za waya. Kwa mteja, ni tofauti ya kuendelea kulipa au kuurudisha mtambo baada ya miezi michache kwa kudai kuwa hauna faida.

Nao wanaojenga upya nyumba za Ng'ambo, ambako mabati na saruji vinazidi kuchukua nafasi ya makuti na udongo, wana nafasi ambayo wa zamani hawakuwa nayo. Bomba jembamba la plastiki likifukiwa ukutani kutoka mbele hadi uwani wakati wa kupiga lipu, waya wowote wa baadaye utapita bila kubomoa. Ni gharama ndogo kabisa katika ujenzi, na ni rahisi zaidi kuiingiza sasa kuliko nyumba ikishahamiwa.

Bidhaa ya intaneti inapimwa kwa mahali inapofika. Nyumba inayolipa ada kila mwezi imekwishanunua mawimbi yake, na kilichobaki ni kuyapeleka kwa mwenye kuyafanyia kazi. Kabla ya kuongeza kifurushi, kabla ya kununua mtambo wa bei kubwa, mwenye nyumba afungue mlango wa nyuma, asimame kwenye matuta ya mchicha na atazame simu yake inasema nini.